Kutoka Kampala hadi Mombasa kwa treni: panga safari kinyumenyume

Reli ya kwanza kufika kwetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikaitwa Reli ya Uganda, na haikuingia Kampala hadi mwaka 1931. Leo Mganda anayetaka kusafiri mbali kwa treni hana budi kupanda basi kwanza aende kwa jirani. Nyumbani tumebaki na ile ya Kampala na Namanve, ambayo ni ya watu wa kwenda kazini. Ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ulizinduliwa Tororo Novemba 2024, kwa hiyo siku yetu inakuja. Kwa sasa, ukitaka kukaa dirishani uone nchi inapita, safari iliyo karibu ni Madaraka Express ya Nairobi na Mombasa, iliyoanza mwaka 2017.

Haya ni maelezo kwa mtu anayetoka Kampala, Jinja, Mbale au Tororo akiwa mtalii tu, bila shangazi Nairobi wa kumpokea. Treni yenyewe haina ugumu: ukishakaa kitini imekwisha. Shida zote ziko kabla ya hapo. Tiketi inalipiwa kwa M-Pesa, basi linaweza kukwama mpakani, na stesheni iko mbali na katikati ya mji. Ndiyo maana nasema panga kinyumenyume: chagua treni kwanza, basi la Kampala lifuate. Wengi wetu hufanya kinyume chake, wanafika Nairobi asubuhi na begi mkononi, kisha ndipo wanauliza treni ni saa ngapi.

Hatua ya kwanza: chagua treni

Kila upande kuna treni tatu kwa siku. Ya saa 2 asubuhi husimama njiani: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, na hufika Mombasa mchana. Ya saa 9 alasiri ni ya haraka, hutumia kama saa tano na kufika mwanzoni mwa usiku. Ya saa 4 usiku nayo ni ya haraka, lakini inakushusha usiku wa manane uliokwisha komaa, mji umelala. Ratiba hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo ithibitishe kabla ya kulipa.

Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa. Ukiona 0800 ni saa mbili asubuhi, 1500 ni saa tisa, 2200 ni saa nne usiku. Mwambie pia mwenzako unayesafiri naye, maana mmoja akisoma vibaya mnachelewa wote.

Kwa mtalii, yangu ni ile ya asubuhi. Ni ya polepole kidogo, lakini unapita Tsavo mchana kweupe, na ukitaka kushuka Voi kwenda mbugani unaweza. Ya saa tisa ni ya pili kwa uzuri, kwa sababu Tsavo unaifikia jua linaposhuka na wanyama wanatoka kivulini. Ya usiku mwachie mfanyabiashara. Utalipa nauli ileile ili utazame kioo cheusi.

Kuna njia nyingine mbili. Kenya ilifufua treni ya reli ya zamani kati ya Nairobi na Kisumu Desemba 2021. Kwa mtu wa Busia hiyo ingekuwa tamu sana, ila huwa ni ya mwisho wa wiki tu, na ni lazima kuuliza kama wiki hiyo ipo. Njia ya pili ni Tanzania. Treni yao ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na kwa mwendo inaiacha ya Kenya nyuma. Ukipita mpaka wa Mutukula, kisha Bukoba na Mwanza kwa basi hadi Dodoma, unaweza kuteremka Dar kwa treni hiyo. Ni safari ya mtu mwenye siku nyingi. Huko kitambulisho cha Uganda hakikubaliki kama hati ya kusafiria. Lazima uwe na pasipoti.

Hatua ya pili: karatasi zako

Kuingia Kenya ni rahisi. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Geuza kadi yako uangalie tarehe ya mwisho kabla hujafika mpakani: kadi za kwanza zilitolewa mwaka huohuo wa 2014 kwa muda wa miaka kumi, kwa hiyo nyingi zimefika ukingoni. Ukivuka kwa kitambulisho, uhamiaji watakupa karatasi ya ruhusa. Ni kijikaratasi chepesi kinachopotea kirahisi, na utaulizwa juu yake wakati wa kurudi. Kiweke nyuma ya kava ya simu.

Mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki aitumie. Mstari unakwenda haraka, na mhuri ukishagongwa huna karatasi ya kulinda.

Watoto ndio huwakwamisha wazazi. Mtoto wa chini ya miaka 16 hana kadi ya taifa, kwa hiyo atahitaji pasipoti yake, na kama anasafiri na mzazi mmoja, barua ya idhini ya mwingine inaokoa maneno mengi. Beba na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Unaweza kupita bila kuulizwa, ila siku ukiulizwa huna, hapo ndipo mazungumzo ya pembeni huanza.

Hatua ya tatu: tiketi, na pesa ya kuilipia

Hapa ndipo safari inaposhinda au kushindwa. Tangu Januari 2024 nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 za Kenya kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Kwa pesa yetu la kawaida ni kama elfu arobaini na kitu, na la kwanza ni mara tatu yake. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hakatiwi tiketi, na wa miaka mitatu hadi kumi na moja hulipa nusu.

Tiketi hukatwa kwenye tovuti ya shirika la reli, metickets.krc.co.ke, au kwa kubonyeza *639# kwenye laini ya Safaricom. Unachagua treni, unaandika jina na namba ya hati yako, unalipa kwa M-Pesa, kisha unaletewa ujumbe wenye namba ya tiketi. Ujumbe huo usiufute. Namba ya hati iwe ya hati ileile utakayoishika mlangoni. Ukikata kwa namba ya pasipoti halafu ukaja na kitambulisho, unajitafutia kesi na askari ambaye hana haraka yoyote.

Sasa, M-Pesa ya Mganda iko wapi? Kama una rafiki Kenya, mtumie pesa kutoka kwenye simu yako (pesa za simu za Uganda zinaweza kufika M-Pesa moja kwa moja) akukatie kwa jina lako na namba yako, si zake. Kama huna rafiki, sajili laini ya Safaricom kwa hati yako mara ukivuka, pale Busia au Malaba, au ukifika Nairobi. Laini hiyo itakufaa njia nzima, maana Kenya hata muuza mahindi ya kuchoma anataka alipwe kwa simu. Njia ya mwisho ni kwenda kujaribu bahati kwenye dirisha la stesheni. Katikati ya wiki, mwezi usio na sherehe, unaweza kupata. Desemba, Pasaka na shule zikifungwa usithubutu, kwa sababu viti huisha siku nyingi kabla.

Kata ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Ya Jumapili kutoka Mombasa ndiyo hujaa kuliko zote.

Daraja lipi? La kawaida lina viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, vinatazamana na kimeza katikati. Magoti yenu yatasalimiana kabla yenu. Kiti cha katikati kwenye vile vitatu ni adhabu kwa mtu mnene au mwenye miguu mirefu. La kwanza lina nafasi, viti viwili kwa viwili, na utulivu. Kijana anayetaka kuijua nchi akae la kawaida, ndiko kwenye mazungumzo. Aliye na wazazi wazee na alipe hizo elfu nne na mia tano bila kunung'unika.

Pesa taslimu badilisha kiasi Kampala, kwenye maduka ya kubadilisha fedha, na si kwa vijana wanaokufuata na vibunda mkononi mpakani. Kama una noti za zamani za Kenya za elfu moja ulizoweka kabatini tangu safari ya miaka ile, ziache huko huko. Zilikoma kutumika Septemba 2019.

Hatua ya nne: basi na mpaka

Mabasi ya usiku hutoka Kampala jioni na kuingia Nairobi asubuhi, baada ya mwendo wa saa kumi na mbili au zaidi. Hiyo "au zaidi" ndiyo ya kuzingatia. Foleni ya malori Malaba, ajali, au dereva anayependa chai, yote hula saa. Usikate treni ya saa mbili asubuhi kwa siku hiyohiyo unayofika. Ama uchukue ya saa tisa alasiri, ambayo inakupa nafasi ya kuoga na kula, ama ulale Nairobi usiku mmoja upande ya asubuhi ukiwa na akili timamu. Mimi ningelala.

Kabla hamjafika mpakani fanya usafi wa begi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na sheria inataja faini ya hadi shilingi milioni nne za Kenya au kifungo cha hadi miaka minne. Ile kavera (mfuko wa plastiki) nyeusi uliyofungiwa gonja, yaani ndizi za kuchoma, na kuku pale Namawojjolo njiani, ile nyeupe yenye rolex, chapati yetu ya mayai, ile uliyofungia viatu ndani ya sanduku: zote zitoe zibaki Uganda. Nenda na mfuko wa kitambaa. Waragi wa zawadi nao uuache, maana hata ukivuka mpaka, kwenye treni pombe ya kuja nayo hairuhusiwi.

Mpakani Busia na Malaba taratibu za nchi zote mbili hufanyiwa jengo moja, upande wa nchi unayoingia. Unashuka, unatoka Uganda kwenye dirisha moja na kuingia Kenya kwenye linalofuata, kisha unatafuta basi lako upande wa pili. Ni usiku, mabasi yanafanana. Piga picha ya namba ya gari kabla hujashuka, omba namba ya simu ya kondakta, na umkariri abiria mmoja aliyevaa kitu cha kuonekana. Mkoba wa hati na pesa shuka nao.

Hatua ya tano: kutoka katikati ya Nairobi hadi stesheni

Treni ya Mombasa haianzii mjini. Stesheni yake kuu iko Syokimau, nje ya Nairobi kwa upande wa Barabara ya Mombasa. Basi la Kampala huenda likakushusha maeneo ya River Road, kwenye zogo la asubuhi. Simu iwe mfukoni, begi mbele, na usimpe mtu yeyote mzigo "akusaidie".

Kutoka hapo njia nafuu ni treni ndogo ya mji inayoanzia stesheni ya zamani na kuunganishwa na treni za Mombasa. Inaondoka mapema kuliko unavyodhani, kwa hiyo ulizia saa yake siku moja kabla. Mkiwa watatu wanne wenye mizigo, teksi ya programu ya simu kupitia barabara ya juu ya kulipia ni haraka zaidi, ila ada ya barabara hiyo huongezwa kwako. Vyovyote vile, toka mjini saa mbili kabla ya treni kuondoka. Treni hii haisubiri mtu. Ikifika dakika yake inang'oa nanga na wewe ukiwa bado unapanga mstari.

Ukiwa na nusu siku ya kusubiri, karibu na stesheni ya zamani kuna makumbusho ya reli. Humo limo behewa ambalo mwaka 1900, pale Kima, simba aliingia akamtoa dirishani afisa wa polisi Charles Ryall, aliyekuwa amekuja kumwinda simba huyohuyo akasinzia. Nenda ulione, kwa sababu Kima utaipita ukiwa njiani.

Hatua ya sita: ukaguzi

Hapa wageni hushangaa. Kabla hujaingia jengoni, abiria wanaambiwa wapange mizigo yote chini kwa mstari na kurudi nyuma. Mbwa wa polisi anapitishwa, anainusa mifuko mmoja baada ya mwingine, wakati mwingine anarudi kwenye mmoja na watu wote wanamgeukia mwenye nao. Mara nyingi ni samaki. Baada ya hapo mizigo inapita kwenye mashine, nawe unapapaswa, unaonyesha tiketi na hati, na kuna ukaguzi mwingine ndani. Kisu cha kumenyea maembe kitachukuliwa. Fika saa moja kabla ya treni kuondoka, na kama ni msimu wa sikukuu ongeza nusu saa.

Ujumbe wa simu unabadilishwa kuwa tiketi ya karatasi kwenye mashine za pale stesheni: unaingiza namba, inachapa. Tiketi inaonyesha namba ya behewa na ya kiti. Usiitupe ukishakaa, kwa maana inaweza kuangaliwa tena mbele.

Wanajeshi, askari na mitambo ya ukaguzi usiwapige picha. Treni yenyewe na wahudumu wake, ukiomba, hakuna anayekataza.

Hatua ya saba: ndani, na cha kuangalia

Ukielekea Mombasa, kaa mkono wa kulia wa treni inakokwenda kama una uchaguzi. Baada ya Emali, siku isiyo na mawingu, Kilimanjaro hujitokeza upande huo, kilele tu kikielea, na asubuhi mapema ndiyo nafasi nzuri. Kisha vinafuata vilima vya Chyulu, na karibu na Voi milima ya Taita. Kushoto ni tambarare za Tsavo Mashariki. Nusu ya viti vinatazama nyuma. Ikiwa kurudi kinyumenyume kunakutia kichefuchefu, mwombe wa mbele yako mbadilishane mapema, kabla hajazoea.

Kati ya Mtito Andei na Voi weka simu chini. Reli inapita katikati ya Tsavo juu ya tuta lenye uzio, na kila baada ya mwendo fulani kuna daraja refu lililoachwa wazi ili tembo wapite chini. Tembo wa hapa ni wekundu kabisa, kwa sababu wanajirushia udongo wa Tsavo. Kiangazi utawaona wamejikusanya kwenye madimbwi, na mara nyingi mtu wa kwanza kuwaona ni mtoto wa behewa la tatu, unasikia kelele zikija kama wimbi. Mvua ikinyesha msitu unakuwa mzito na unaweza kupita usione hata swala, kwa hiyo usimwahidi mtoto wako tembo.

Mtandao wa simu unakatika katika sehemu hizo. Wahudumu hupita na chai na vitafunio, na kuna behewa la chakula, bei ikiwa ya juu kuliko nje. Chakula chako unaweza kuja nacho. Madirisha hayafunguki na baridi ya kiyoyozi ni kali, kwa hiyo shuka jepesi au kitenge si mzigo wa bure.

Kiswahili chetu Waganda wengi tumekisikia kwanza kwa askari, na kimebaki na sauti ya kambini. Kadiri unavyokaribia pwani, lainisha. Anza na salamu ndefu, waamkie wakubwa shikamoo, omba badala ya kuamrisha. Bei nazo hupungua ukifanya hivyo.

Hatua ya nane: kushuka Mombasa

Stesheni ya Mombasa iko Miritini, bara, na kisiwani unaingia kupitia Changamwe na Makupa. Nje ya lango utakutana na ukuta wa madereva. Pita, vuta pumzi, uliza bei kwa watu wawili watatu, au tumia programu ya teksi kujua bei ya haki hata kama hutaipanda. Matatu za mjini zipo na ni nafuu mno. Ukifika na treni ya alasiri itakuwa giza, hivyo uwe na chumba tayari na jina la mtaa mdomoni. Anayesema "nipeleke hoteli nzuri" hulipa ujinga wake.

Wanaokwenda Diani huvuka Likoni kwa feri, ambayo kwa waenda kwa miguu ni bure, au huzunguka na gari kwa barabara ya Dongo Kundu isiyo na feri. Wa Nyali, Bamburi na Mtwapa hupita daraja la Nyali. Wa Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, washukie kisiwani na watembee kwa miguu asubuhi, kabla jua halijapanda.

Hatua ya tisa: kurudi

Kurudi kunapangika vizuri kuliko kwenda. Treni ya saa mbili asubuhi inakufikisha Syokimau mchana, unaingia mjini, unakula, unapanda basi la jioni, na asubuhi uko Kampala. Acha saa nne kati ya treni na basi. Ile ya saa tisa haiendani na mabasi mengi ya usiku, itakulazimu ulale Nairobi.

Mpakani safari hii unashukia upande wa Uganda. Toa ile karatasi nyuma ya kava ya simu, na shilingi za Kenya zilizobaki usizibadilishe gizani. Laini ya Safaricom unaweza kuiachia salio la M-Pesa la tiketi ijayo.